Burudani ya Ndoano Isikate Mafunjo

Kiangazi kinapoingia, kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekatika na barabara za vumbi zikipitika, watu wenye nafasi katika Shinyanga na Geita huanza kuulizana habari za kwenda ziwani kuvua kwa ndoano. Ni watumishi wa ofisi, wafanyabiashara wa Kahama, mafundi wa migodini pamoja na wageni wao. Wa Shinyanga hupitia Kahama na Kakola hadi Geita, au huzungukia Mwanza na kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025, pale ambapo zamani foleni ya kivuko ilikula nusu ya siku. Toka Geita huteremka Nkome, na huko ndiko mitumbwi ya kuwafikisha visiwani inakopatikana.

Hatuna ugomvi na mapumziko. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kupumzika, na afadhali apumzike ameshika mshipi kuliko ameshika chupa. Ugomvi wetu ni juu ya namna safari hizi zinavyopangwa. Hupangwa mjini na watu wa mjini, na mwananchi wa kisiwani huingizwa katika mpango siku ya mwisho, anapotakiwa kutoa mtumbwi na mtu wa kushika usukani.

Kiangazi cha mwaka uliopita mwandishi wa safu hii alikuwamo katika msafara mmoja wa namna hiyo. Tulikuwa watu saba katika mitumbwi miwili ya injini. Tulipofika kwenye ghuba moja yenye mafunjo mapana, kiongozi wa msafara, ambaye ni mtu wa cheo nasi hatutamtaja, aliona njia ya kuzunguka ni ndefu. Akawaamuru vijana washike mapanga wakate njia ya mkato. Mzee aliyekuwa kwenye usukani akasema kwa upole, "Mheshimiwa, hapa hatukati." Akajibiwa kuwa mafunjo huota tena. Vijana wakakata, tukapita, tukavua sangara wawili wa wastani upande wa pili, na jioni tukarudi tukijisifu. Mzee hakutamka neno tena siku ile. Nakiri kwamba mimi nami, kada mzima niliyezoea kusimama vikaoni na kuhimiza uongozi bora, sikutamka neno.

Baadaye nilimfuata mzee huyo kumwuliza sababu ya katazo lake. Alinieleza mambo ambayo wataalamu wa samaki wameyaeleza pia katika maandishi yao, ila yeye aliyajua kwa kuyaona. Maji yaliyo ndani kabisa ya mafunjo yana hewa haba, kwa kuwa majani yanayooza chini huimaliza na upepo hauyafikii kuyakoroga. Sangara ni samaki mwenye haja kubwa ya hewa, hivyo hawezi kudumu humo. Hubaki ukingoni akivizia. Wapo furu wanaostahimili, kambale anastahimili, na kamongo ndiye hasa hajali, kwani hupanda juu na kuvuta hewa kwa mapafu. Kwa samaki hao mafunjo ni boma. Anayekata mfereji katikati yake huyaruhusu mawimbi kuingiza maji yenye hewa, na sangara huyafuata maji hayo hadi ndani ya boma.

Jambo hili halina budi kupimwa kwa kukumbuka sangara alikotoka. Hakuwa mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi za watawala wa kikoloni na mara tu baada yao, na miongoni mwa hoja za waliomtaka ilikuwamo burudani: walitaka samaki mkubwa wa kupambana naye kwa ndoano, badala ya furu ambao kwao walikuwa takataka. Kufika miaka ya 1980 sangara alikuwa amejaa ziwa zima, na furu wa aina nyingi, pengine zaidi ya mia, hawakuonekana tena. Ni kweli kwamba sangara huyo huyo alileta viwanda vya minofu Mwanza na fedha za kigeni kwa taifa, wala hatuwezi kuukana mkate aliotupa. Lakini ziwa limekwisha kulipia mara moja gharama ya starehe ya mabwana wenye ndoano. Hatuoni kwa nini lilipe mara ya pili, safari hii kwa mapanga yetu wenyewe.

Wako wasomaji wa Shinyanga watakaosema kwamba habari za mafunjo ni za watu wa visiwani. Wakumbuke kwamba tangu 2009 bomba linaleta maji ya ziwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga mjini. Mafunjo ndiyo chujio la ukingo wa ziwa hilo, hupunguza kasi ya maji ya mvua na kuzuia tope. Katika ukanda wetu, ambako wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, tope linaloteremka mtoni si tope la kawaida. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa. Mkulima wa bustani ya nyanya huondolewa ndani ya mita hizo na anaambiwa ni kwa faida ya wote. Atuelewe vipi akiona ofisa yule yule, siku ya Jumamosi, anapitisha injini juu ya mafunjo yaliyofyekwa?

Hapo ndipo penye kidonda hasa. Mwananchi wa kisiwani amefundishwa sheria ya uvuvi kwa moto. Katika operesheni ya mwaka 2018 nyavu haramu zilikusanywa mialoni na kuchomwa, na wapo waliofilisika. Hatusemi nyavu zile zilistahili kuachwa. Kokoro na timba ni adui wa ziwa. Tunasema kwamba aliyeuona moto ule ana jicho kali la kumtazama mgeni. Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na sato aliye chini ya 25 vilevile, wala kanuni haikumtoa anayevua kwa starehe. Rula ya mvuvi na iwemo pia ndani ya sanduku la mgeni.

Kwa miaka mingi kipimo cha sangara kilikuwa na ncha mbili, 50 na 85, na ile ya juu iliwekwa kwa sababu sangara wakubwa walio wengi ni majike, nao ndio wazazi. Mtu anayevua ili watoto wake wale anaweza kuwa na hoja anapomchukua jike la namna hiyo. Anayevua kwa mchezo hana. Apige picha yake, amrudishe majini. Tena asimtafute katika vilindi, maana samaki aliyevutwa toka kina kirefu hutoka kibofu cha hewa kimevimba, na hata akirudishwa hana maisha. Mwalimu wetu wa chuoni, alipokuwa akitusomesha Kurani, alipenda kutuonya kwamba kiumbe kilichouawa kwa mchezo tu kitakuja kudai. Wakati ule tulikuwa watoto wenye manati, tukicheka.

Rubondo nayo inahitaji neno. Kisiwa hicho kilikuwa pori la akiba tangu 1965 na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Wavuvi waliokuwa wakiishi humo walihamishiwa visiwa vya jirani na bara. Maji yanayokizunguka ni mazalia ya samaki, hivyo wavu wa mwenyeji hukomea mpakani. Ndoano ya mgeni mwenye kibali hupita. Utaratibu huo una sababu zake, maana ada ya mgeni husaidia kulinda hifadhi, na mgeni mmoja mwenye ndoano halingani na kokoro. Lakini sababu ambayo haijaelezwa kwa mwananchi, mwaloni kwake, haijawa sababu kwake. Tungependa kuwaona wahifadhi na viongozi wa halmashauri wakiifafanua Nkome na Izumacheli mbele ya mkutano wa hadhara, tena wataje ni kiasi gani cha ada hiyo kinachorudi kwa jirani wa hifadhi, na kwa njia gani.

Usalama tutaugusa kwa ufupi. Kiangazi si ahadi ya utulivu, upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa saa chache baada ya asubuhi shwari. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejazwa kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 200. Jaketi okozi zihesabiwe kabla ya mizigo, na nahodha mwenyeji akisema leo hatutoki, cheo cha abiria kisiingie katika mjadala. Ukingoni pasiingiwe kwa miguu. Kuna kichocho, na kuna mamba. Kuhusu magari ya serikali yanayoonekana mialoni siku za mapumziko, yenye mafuta ya serikali, wenye mamlaka wanayaona kama tunavyoyaona.

Tunachoomba ni kidogo. Halmashauri za Geita, Chato na Buchosa ziite vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya mialo yao, zikubaliane ni mikondo ipi ya asili inayopitika bila kukatwa, ada ya mtumbwi iwe kiasi gani na ilipwe kwa nani. Mikondo hiyo iwekewe alama, na nguzo za miti zenye kitambaa chekundu zinatosha, hazihitaji mfadhili. Mzee niliyemtaja anaijua yote katika ghuba ile. Nilipomwuliza kama atakubali kuionyesha alisema atakubali, ila aulizwe kabla ya Juni, maana Juni vijana wake watakuwa wamekwishashika mapanga ya watu.