Tiba ya Akili Isiulize Kabila



Mfanyakazi akikatwa kidole na mashine, sote twajua la kufanya. Nyapara huitwa, karani huandika karatasi, na chama hudai fidia. Lakini mfanyakazi akipatwa na ugonjwa wa akili, akawa hapati usingizi, hali chakula, wala hasemi na mtu, huambiwa ni mlevi au amerogwa, kisha hupewa barua ya kuachishwa kazi. Na akiwa mtu wa kabila dogo, taabu yake ni mara mbili.

Twamkumbuka mwenzetu mmoja, Mmakonde, mkata mkonge katika shamba moja la Pwani. Baba yake alitoka Msumbiji kutafuta kazi wakati wa Waingereza. Yeye mwenyewe alizaliwa papa hapa Kenya. Alikata mkonge zaidi ya miaka 20 bila kitambulisho. Akimwona askari, alijificha. Alipoanza kusikia sauti usiku, wenziwe walimpeleka hospitali, na swali la kwanza halikuwa anaumwa nini, bali kitambulisho kiko wapi. Akarudi nyumbani kama alivyokwenda. Mwezi ule ule alifukuzwa kazi. Nasi viongozi wa tawi tulichanga nauli tu, kwa kuwa tuliona haya kusema mbele ya mwajiri kwamba mwanachama wetu anaumwa akili. Kosa hilo ni letu.

Mwezi wa Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, wakaupata. Washona wakafuata, na Wapemba mwaka 2023. Twawapongeza sana. Lakini kitambulisho chamfikisha mtu mlangoni tu. Ugonjwa huu hauonekani kwa picha ya eksirei. Daktari hutibu kwa kusikiliza na kuuliza. Mama mzee ambaye huzuni yake aijua kwa Kimakonde ataisema kwa lugha gani? Mara nyingi huitwa mtoto wake atafsiri. Ni mama gani atakayetoa siri za ndoa yake kwa kinywa cha mwanawe? Kiziwi naye huandikiwa dawa bila kuulizwa neno.

Wako watakaosema kwamba watu hawa wana waganga wao na hawapendi hospitali. Maneno ya namna hii tumeyasikia zamani. Katika hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, wakoloni waliwalaza Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali. Dr. J. C. Carothers, aliyeisimamia kutoka 1938 mpaka 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya la Dunia mwaka 1953, akafananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Haya yalisemwa na mtaalamu, tena yakapigwa chapa Geneva! Tulikasirika, na ilikuwa haki yetu. Basi tusimvike Mmakonde kofia ile ile tuliyoivua sisi.

Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kutoa tiba hii karibu na watu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Twafurahi, maana mtu aliyezoea kumkimbia askari hawezi kumwambia daktari jambo ambalo laweza kumtia jela.

Sasa twataka kaunti ziajiri na kuwafunza vijana wa makabila haya wawe wauguzi na wakalimani, nao walipwe mshahara, si kupewa chai. Twataka pia katika mapatano yetu na waajiri siku za ugonjwa wa akili zihesabiwe kama siku za malaria, na mtu asifukuzwe kabla ya kuonwa na daktari. Matajiri watanung'unika juu ya gharama. Walinung'unika hivyo hivyo juu ya fidia ya vidole.

Makatibu wa matawi watuletee kabla ya mkutano mkuu habari za kila mwanachama aliyeachishwa kazi kwa sababu hii, awe na kitambulisho au asiwe nacho. Majina tutayaficha.