Malezi na Jamii: Vijana Wanaosafiri Kuwazuru Yatima wa Ng'ambo

Ndugu wasomaji, juma hili twazungumza juu ya safari za kujitolea ambazo vijana hufanya kwenda nchi za mbali kuwazuru watoto wa nyumba za yatima. Kikundi cha vijana, mara nyingi wa shule au wa dini, huchanga fedha kwa miezi kadhaa, hununua tiketi, nguo, madaftari na peremende, kisha huenda kukaa ugenini juma moja au mawili. Huko huimba na watoto, huwafundisha hesabu kidogo, hupaka kuta rangi na kupiga picha. Siku ya kuagana wote hulia. Nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimepokea vikundi vingi vya namna hiyo kutoka Ulaya na Marekani, na vijana wetu wenyewe nao huweza kutamani kuvuka mpaka kwa kazi kama hiyo.

Hatusemi kwamba nia yao ni mbaya. Kumhurumia yatima ni amri ya dini zetu na desturi ya wazee wetu. Tena wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa maana ya neno hilo. Avaaye sare hutoka nyumbani alfajiri, na mkewe na watoto hukaa wakisikiliza kama atarudi. Kwa sababu hiyo hiyo yatupasa kuuliza bila ya haya: je, safari hizo humfaa nani?

Tuitazame nchi ya Nepal, iliyo chini ya milima ya Himalaya. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2006 nchi hiyo ilikuwa na vita baina ya serikali na waasi wa Kimao. Katika wilaya za milimani, kama Humla, wazazi waliogopa kwamba watoto wao wangechukuliwa na kutiwa vitani. Wakaja watu wenye maneno matamu wakisema, "Tupeni watoto, tutawapeleka mjini wakasome mahali pa amani." Wazazi wakatoa watoto, na wengi wakatoa na fedha juu yake. Watoto walipofika Kathmandu, baadhi yao waliandikiwa hati za uongo zilizosema kwamba wazazi wao wamekufa. Wakatiwa katika nyumba za yatima, na wageni wakaletwa kuwaona.

Hata baada ya vita kwisha, biashara hiyo haikwisha. Ilionekana kwamba nyumba tisa kati ya kila kumi za yatima nchini humo zilikuwa katika wilaya 5 tu zinazopendwa na watalii, ilhali nchi ilikuwa na wilaya 75. Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Kama nyumba hizo zingejengwa kwa kufuata mahali walipo yatima, zingetawanyika nchi nzima. Zilijengwa mahali wapitapo wageni wenye fedha.

Si Nepal peke yake. Huko Kambodia, uchunguzi uliofanywa kwa msaada wa Unicef na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nyumba hizo zilikuwa zikiongezeka kwa haraka, ingawa karibu robo tatu ya watoto waliokuwamo walikuwa na mzazi aliye hai. Mwaka 2015 Unicef ilikadiria kwamba duniani palikuwa na yatima milioni 140, lakini waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa milioni 15.1 tu. Wengi waliobaki walikuwa na mama au baba, na aghalabu shangazi, mjomba na bibi pia. Kinachowatoa watoto wengi nyumbani ni umaskini: karo ya shule, ugonjwa wa mlezi, au mjane aliyekosa shamba.

Basi fedha za mgeni huweza kufanya kazi iliyo kinyume cha nia yake. Mwenye nyumba ya yatima akiona kwamba watoto ndio wanaoleta wageni, na wageni ndio wanaoleta fedha, atapata tamaa ya kutafuta watoto zaidi. Kule kijijini mzazi maskini naye husikia kwamba huko mna chakula, shule na wafadhili. Humpeleka mtoto wake kwa moyo wa upendo, na kumbe amemtenga na jamaa zake.

Liko pia jambo la moyo wa mtoto. Vijana wengi husimulia kwa furaha jinsi watoto wasiowajua walivyowakimbilia na kuwakumbatia mara tu waliposhuka garini. Mzazi mwenye busara akiona hivyo huingiwa na wasiwasi, kwa maana mtoto mdogo aliyelelewa vema humwonea mgeni haya, akajificha nyuma ya mama yake. Amrukiaye kila apitaye huenda amekosa mtu wa kudumu. Naye mgeni akiisha kupendwa, juma la pili huondoka, na kikundi kingine huja. Mtoto huyo huachwa mara nyingi kupita hesabu.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2000 ulianza uchunguzi katika mji wa Bucharest, nchini Romania, ambako serikali iliyoanguka mwaka 1989 iliacha watoto zaidi ya laki moja katika nyumba za serikali. Walichukuliwa watoto 136 wasiozidi umri wa miaka mitatu. Nusu wakapewa wazazi walezi, na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya nchi hiyo. Waliopata wazazi walezi walikua vizuri zaidi kwa akili na kwa hisia, hasa wale waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili. Majengo yalikuwapo na chakula kilikuwapo, lakini mtoto alihitaji mtu mmoja wa kumwita wake.

Serikali kadhaa zimeanza kuchukua hatua. Australia, ambayo vijana wake walikuwa wakienda kwa wingi Nepal na Kambodia, ilipotunga sheria juu ya utumwa wa siku hizi mwaka 2018 ilitambua kwamba kuwatia watoto katika nyumba za yatima kwa ajili ya faida ni sehemu ya uovu huo. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyataka mataifa yazuie madhara yatokanayo na safari za kujitolea katika nyumba hizo.

Lakini mfano ulio bora uko karibu nasi. Rwanda, baada ya mauaji ya mwaka 1994, ilibaki na watoto wengi mno wasio na wazazi. Hesabu ya mwaka 2012 ilikuta watoto zaidi ya 3,300 wangali katika nyumba 33. Serikali ikaanzisha mpango uitwao "Tubarerere mu Muryango", yaani tuwalee katika familia. Jamaa walitafutwa mmoja mmoja, na waliokosa jamaa wakatafutiwa wazazi walezi, ambao huitwa "Malayika Murinzi", maana yake malaika mlinzi. Kisha katika kila kijiji wakateuliwa watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, wa kuzitazama familia na watoto. Hao nao ni watu wa kujitolea, ila wao hawana siku ya kuondoka.

Sasa, mzazi afanye nini mwanawe ajapo na barua ya kuchangiwa safari? Asimvunje moyo. Amwulize maswali manne. Je, wenye nyumba hiyo wana idhini ya serikali ya nchi yao? Je, wanafanya juhudi gani kuwarudisha watoto kwa jamaa zao? Je, mgeni yeyote huruhusiwa kuingia na kuwabeba watoto? Na je, nauli hiyo ingewalipia karo watoto wangapi wakiwa kwao? Majibu yakiwa ya kusitasita, kikundi na kibadili safari. Vijana wanaweza kwenda kulima pamoja na wenyeji, kujenga darasa, kujifunza lugha na kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe mtoto wa watu ampakate.

Na sisi wa kambini na wa vituo vya polisi tujitazame. Mwenzetu akifariki, kwa juma moja nyumba yake hujaa watu, kisha mjane hubaki peke yake na watoto. Wako waliopelekwa katika nyumba za yatima ilhali marafiki wa baba yao wangali hai na wana vyumba. Kikundi cha vijana wa kambi kikitaka kujitolea, na kianze na orodha ya nyumba hizo: nani hana karo, nani hana wa kumsaidia masomo ya jioni, mjane yupi anahitaji mtu wa kumpeleka ofisini kufuatia malipo ya marehemu. Kazi hiyo haihitaji tiketi ya ndege. Yahitaji kurudi tena juma lijalo, na mwezi ujao, na mwaka ujao.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya wosia, na kwa nini kila askari yampasa kuuandika angali na afya yake.