Hofu ya Kukosa Usingizi

Mitihani ya Novemba ikaribiapo, wanafunzi wa kidato cha nne hapa Mtumba, kama kwingineko nchini, hukesha wakihesabu saa za usingizi zilizosalia. Hudhani kwamba aamkaye usiku wa manane ni mgonjwa. Kwa maoni yangu, dhana hiyo ndiyo aghalabu iwanyimayo usingizi.

Mwaka 2017 watafiti walitangaza matokeo ya kupima usingizi wa Wahadzabe 33, watu wazima wenye afya, waishio karibu na Ziwa Eyasi. Wengine walilala mapema, wengine walichelewa, na wengi waliamka kati ya usiku. Katika siku 20, muda ambao wote walikuwa usingizini kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Kuamka usiku, basi, si kasoro ya mwili.

Hofu huuchangamsha moyo na ubongo, usingizi hukimbia. Ndugu mwalimu, usimtishe mwanafunzi kwamba asipolala muda wa saa nane atashindwa. Nawe mwanafunzi, usingizi ukikupotea, ondoka kitandani, uketi kimya penye mwanga hafifu hadi usinzie, ndipo urudi kulala. Asubuhi amka wakati ule ule wa kila siku. Hali ikidumu majuma kadhaa, mwone daktari.