Muuza mashine asinunue gemu

Wadau, kuna ubishi mmoja mjini hapa Tanga ambao haujawahi kupata mwamuzi. Utausikia Ngamiani, utausikia Makorora, utausikia mpaka Muheza na Pangani, popote penye kibanda cha gemu na benchi la kusubiria zamu. Je, kampuni inayotengeneza mashine za gemu inafaa kununua kampuni kubwa ya gemu ya nchi nyingine? Mwenye PlayStation anatamani Sony inunue kila kitu kinachoonekana. Mwenye Xbox, nao wapo ingawa wachache, anaomba Microsoft iwahi. Watu wanabishana kama wanavyobishania Coastal Union na African Sports: ushabiki kwanza, hoja baadaye.

Natoa msimamo wangu mapema ili wa kubisha ajipange. Muuza mashine asinunue mchapishaji wa gemu. Anunue haki ya gemu moja moja, achukue hisa chache akitaka, alipie gemu mpya itengenezwe. Lakini kuinunua kampuni nzima ambayo gemu zake zinachezwa kwenye mashine za watu wote, hapana. Na watakaoumia mapema zaidi ni watu kama sisi, tunaocheza kwenye mashine zilizokwishapitwa na wakati huko zilikotoka.

Kwa asiyecheza gemu nitaeleza kwa lugha ya mpira. Mchapishaji ni yule anayetoa fedha gemu itengenezwe, kisha akaitangaza na kuiuza. EA ya Marekani ndiyo iliyotupa FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Konami ya Japani ndiyo iliyotupa PES, ambayo mwaka 2021 iligeuzwa kuwa eFootball. Hawa hawauzi PlayStation wala Xbox, wanauza gemu. Wauza mashine wakubwa ni Sony, Microsoft na Nintendo.

Sasa fikiria ving'amuzi. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu Tanzania Bara. Ukitaka kuiona Coastal Union ikicheza ugenini, unajua uwe na king'amuzi gani. Ukitaka Ligi Kuu ya England, unatafuta king'amuzi kingine. Wengi tumelalamika kuhusu hilo, lakini angalau Azam ilinunua haki ya kuonyesha kwa miaka 10. Ligi yenyewe haikuinunua. Miaka ikiisha, TFF inarudi sokoni na mwingine anaweza kupanda dau. Muuza mashine anayemnunua mchapishaji ananunua ligi yenyewe, pamoja na timu, uwanja na mipira, na umiliki wake hauna tarehe ya kuisha.

Tuje kwenye historia ambayo kijana wa ukanda huu anaijua kwa vidole vyake. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000 na ikauzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani. Mwaka 2006 Sony ikaleta PS3. Kwa hesabu za muuza mashine, kuanzia siku hiyo kila mwenye PS2 alitakiwa aanze kudunduliza anunue mpya. Lakini EA na Konami hawakuiacha PS2. Waliendelea kuitengenezea mpira mwaka baada ya mwaka, mpaka FIFA 14 na PES 2014 zilizotoka mwishoni mwa 2013. Ni miaka 7 baada ya PS3 kuingia sokoni! Wakati huo hata Sony yenyewe ilikuwa imekwishaacha kuitengeneza PS2.

Kwa nini walifanya hivyo? Si kwa huruma. Mchapishaji anafuata wachezaji waliko, na bado kulikuwa na mamilioni ya PS2 majumbani na vibandani. Kubadilisha majina ya wachezaji na jezi kwenye gemu ya zamani ni kazi nafuu kuliko kutengeneza gemu mpya. Muuza mashine anataka uhame. Mchapishaji anataka ucheze hapo hapo ulipo. Maslahi hayo mawili yakiwa kwa watu wawili tofauti, mchezaji anapona katikati. Yakiwekwa mfuko mmoja, lazima moja limezwe na jingine, na sote tunajua lipi litamezwa.

Najua kuna mtu ananicheka hapo: "Kaka, sidii zile zilikuwa za kunakili, Konami hakupata hata senti tano kutoka Tanga." Sawa. Lakini hata sidii ya kunakili inanakiliwa kutoka kwenye gemu ambayo mtu aliamua kuitengeneza. Bila uamuzi wa Konami, fundi wetu wa kuchipu mashine angekuwa na nini cha kunakili? Kijana aliyecheza kwa shilingi mia chache kwa mechi alikula matunda ya uamuzi uliofanywa Tokyo kwa ajili ya wateja wengine wenye mashine kama yake.

Sasa tuone walionunua walifanya nini. Mwaka 2021 Microsoft ilikamilisha kuinunua ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda, kwa dola bilioni 7.5. Bethesda ilikuwa imezoea kutoa gemu zake kubwa PlayStation na Xbox. Starfield ilipotoka Septemba 2023, mwenye PlayStation hakuipata. Mlango ulifungwa, na aliyeufunga alikuwa na haki zote za kisheria, maana nyumba ilikuwa yake.

Kisha ikaja ile kubwa. Januari 2022 Microsoft ilitangaza kuinunua Activision Blizzard, wenye Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7. Uingereza ilizuia mpango huo Aprili 2023. Marekani serikali ilikwenda mahakamani na ikashindwa Julai mwaka huo. Ili Waingereza waridhie, Microsoft ilibidi ikabidhi haki za kucheza gemu hizo kwa njia ya intaneti kwa Ubisoft ya Ufaransa, na ikatoa ahadi ya miaka 10 kwamba Call of Duty itaendelea kwenda kwa Sony na Nintendo. Oktoba 2023 dili likakamilika.

Angalia kilichofuata. Januari 2024 watu 1,900 wa kitengo cha gemu cha Microsoft walipoteza kazi. Mei 2024 ilitangazwa kufungwa kwa studio kadhaa zilizotoka Bethesda, ikiwemo Tango Gameworks ya Tokyo, ambayo baadaye iliokolewa na Krafton ya Korea Kusini. Oktoba 2025 bei ya Game Pass Ultimate, ule usajili wa kucheza gemu nyingi kwa malipo ya mwezi, ilipanda Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99. Na kichekesho ni kwamba tangu 2024 Microsoft yenyewe imeanza kupeleka baadhi ya gemu zake PlayStation, kwa sababu mlango ukifungwa fedha nazo zinabaki nje. Mabilioni yote yale, halafu unarudi kufanya kile ambacho mchapishaji huru alikuwa anakifanya bila kununuliwa!

Kuna wanaopinga ununuzi wa namna hii kwa sababu ya ugeni tu: Mmarekani asimnunue Mjapani, Mjapani asimnunue Mwingereza. Hoja hiyo siiungi mkono. Sisi watu wa Tanga tuna somo letu la nyumbani kuhusu kampuni kununua kampuni, nalo ni la saruji.

Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni iliyo chini ya Heidelberg ya Ujerumani na mmiliki mkuu wa Twiga Cement, itanunua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, wenye kiwanda cha Pongwe na saruji ya Simba, kutoka kwa AfriSam ya Afrika Kusini. Tume ya Ushindani (FCC) iliridhia. Wengine wakakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza la Ushindani (FCT) likautengua uamuzi huo. Ona basi: muuzaji alikuwa mgeni, na mnunuzi alikuwa mgeni pia. Kilichoangaliwa ni kwamba Twiga na Simba wakiwa chini ya mwenye mali mmoja, sehemu yao ya soko ingezidi asilimia 35. Swali lilikuwa la mtu anayejenga chumba na ukumbi: akienda dukani atakuta bei za washindani wawili, au bei ya mtu mmoja mwenye mifuko ya rangi mbili?

Kisa hakikuishia pale. Mchakato ulirudiwa, mauzo yakakamilika mwishoni mwa 2023, na mwaka 2024 Amsons ya hapa hapa Tanzania ikachukua hisa nyingi za kiwanda kutoka kwa Scancem. Lakini swali la FCT ndilo ninalolipeleka kwenye gemu. Nani anamiliki njia, nani anamiliki bidhaa, na mteja anabakiwa na mlango gani? Pasipoti ya mnunuzi ni habari ya baadaye.

Haki ya upande wa pili niitoe, maana wana hoja. Microsoft iliinunua Mojang ya Sweden mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, na Minecraft imeendelea kupatikana kwenye PlayStation, Nintendo na simu. Sony iliinunua Insomniac mwaka 2019 kwa dola milioni 229, na studio ile imeendelea kutoa gemu nzuri za Spider-Man. Studio ndogo ikipata tajiri, inalala usingizi.

Nakubali, lakini tutofautishe. Insomniac ilikuwa ikiitengenezea PlayStation gemu tangu miaka ya 1990. Kumnunua fundi ambaye tayari anafanya kazi barazani kwako ni jambo moja. Kumnunua mwenye duka ambalo mtaa mzima unanunua unga ni jambo jingine. Na Minecraft ilibaki wazi kwa hiari ya mnunuzi. Mimi siwezi kujenga hoja juu ya hiari ya kampuni ambayo mwaka 2023 ilionyesha kwa Starfield kwamba inaweza kuamua kinyume.

Kuna jambo la mwisho ambalo wenzetu wa Ulaya na Marekani hawalisemi sana, kwa sababu kwao si tatizo. Muuza mashine ana ramani yake, na sisi hatumo. Huduma ya PlayStation Network haijawahi kufunguliwa rasmi Tanzania. Kusini mwa Sahara, Afrika Kusini ndiyo iliyomo. Kijana wa hapa anafungua akaunti akijifanya anakaa Marekani au Uingereza, halafu anahangaika na kadi za malipo za huko.

Mnakumbuka Helldivers 2? Imetengenezwa na Arrowhead ya Sweden, lakini mchapishaji wake ni Sony. Mei 2024 Sony iliwataka wachezaji wa kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation Network. Gemu ikaondolewa kuuzwa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170, zile zisizo na huduma hiyo. Kelele zilikuwa kubwa na Sony ikalifuta sharti lile ndani ya siku chache. Lakini tuliona picha kamili: siku muuza mashine anapokuwa mchapishaji, ramani ya mashine inageuka kuwa ramani ya gemu. Leo kijana wa Chumbageni mwenye laptop anaweza kununua gemu nyingi kihalali Steam. Kila mchapishaji anayemezwa na muuza mashine, uwezekano huo unapungua.

Njia nyingine ipo na imetumika. Mwishoni mwa 2024 zilivuma habari kwamba Sony inataka kuinunua Kadokawa, wenye FromSoftware iliyotengeneza Elden Ring. Mwisho wake Januari 2025 Sony ikalipa takriban yeni bilioni 50 na kuishia na hisa kama asilimia 10. Wanashirikiana, fedha zimeingia, na Elden Ring haijatoka kwenye Xbox wala kompyuta. Hiyo ndiyo ninayoiita akili ya biashara bila kufunga mlango.

Na msiseme haya ni mambo ya mbali. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuichukua MultiChoice, wenye DStv. King'amuzi, filamu na mpira vinazidi kukusanyika kwenye mkono mmoja, na FCC yetu itaendelea kuletewa mafaili ya namna hii. Ningependa ikiyafungua iulize maswali matatu kwa niaba yetu. Mwenye chombo cha zamani ataendelea kuhudumiwa kwa miaka mingapi? Bidhaa itabaki kwenye vyombo vya washindani kwa mkataba gani wa maandishi? Na Tanzania imo kwenye ramani ya mnunuzi, au tunanunuliwa bila kuhesabiwa? Mnunuzi akishindwa kujibu hata moja, asipewe muhuri.

Wadau, hoja ndiyo hiyo. Shabiki wa Sony na shabiki wa Microsoft mnaruhusiwa kunirushia mawe, ila kwanza mniambie: siku mchapishaji wa mpira unaoupenda akinunuliwa na mwenye mashine usiyokuwa nayo, utashangilia?