Sheria Pekee Haichongi Kito

Mwaka 1967 unakumbukwa katika historia ya Tanzania kwa mambo makubwa mawili: Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Lakini liko jambo la tatu la mwaka huo ambalo halitajwi sana madarasani. Katika vilima vya Mererani, si mbali na Mlima Kilimanjaro, yaligunduliwa mawe ya buluu ambayo mpaka leo hayachimbwi mahali pengine popote duniani. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York iliyapa jina la tanzanaiti na kuanza kuyatangaza. Tangu hapo jina la nchi limekuwa likivaliwa vidoleni na masikioni mwa matajiri wa ulimwengu, huku kazi ya kuyachonga mawe hayo ikifanywa, kwa sehemu kubwa, na mikono ya watu wengine.

Mji wa Jaipur, huko India, hauna hata shimo moja la tanzanaiti. Hata hivyo, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya tanzanaiti ya dunia imechongwa huko, kwa sababu mji huo una mafundi waliorithishana ujuzi kizazi baada ya kizazi.

Haiwezi kusemwa kwamba Serikali imelala. Sheria ya mwaka 2017 juu ya mamlaka ya nchi kuhusu maliasili zake ilikataza malighafi kupelekwa nje ili zikaongezwe thamani huko. Mwaka 2018 ukuta wenye urefu wa kilomita 24.5 ulizinduliwa kuzunguka machimbo ya Mererani. Hatua hizo zilikuwa za lazima. Lakini ukuta huzuia magendo tu, na sheria huweka mpaka tu. Jiwe lililozuiwa kutoka bado linangoja fundi wa kulichonga.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wapo wasomi, tena wengine wao walimu na maofisa, ambao huiona kazi ya fundi wa vito kuwa ya mtu aliyeshindwa shule. Hayo ni mawazo potofu. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia, na hupata buluu yake baada ya kupashwa moto wa nyuzi zipatazo 500 hadi 600 za Selsiasi. Tena jiwe hilo huonyesha rangi tofauti kwa kila upande linapotazamwa: huku buluu, huku zambarau. Aghalabu fundi anayetafuta buluu iliyo bora hulazimika kupoteza uzito mwingi zaidi, na anayetaka kuokoa uzito huambulia zambarau. Jiwe lina pia njia yake ya kupasuka, na fundi asiyeijua hulivunja. Nyuso za chini zikikatwa kwa pembe isiyofaa, mwanga hupenya na kupotea, na kito hubaki hafifu kama kioo cha dirisha. Mtu anayepima mambo yote hayo kabla ya kugusa gurudumu la kusagia anatumia fizikia, kemia na hesabu kwa wakati mmoja.

Wapo watakaosema kwamba vyombo vya kazi hiyo ni ghali na mawe yenyewe ni ghali zaidi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini hakuna fundi anayejifunzia kwenye jiwe la thamani. Mwanafunzi huanza na kwatsi, ambayo ni ngumu kupita tanzanaiti na hupatikana kwa wingi. Lile jiwe la kijani la Haneti, mkoani Dodoma, ni la jamii hiyo hiyo ya kwatsi. Hulisaga likawa na mgongo wa duara kama nusu ya yai, hulisugua hata ling'are, kisha hulizungushia ukingo mwembamba wa fedha, nayo pete huwa tayari. Sharti moja halina msamaha: jiwe lisagwe kwa maji, kwa kuwa vumbi lake likikauka na kuvutwa huharibu mapafu.

Wala usonara si jambo geni kwa Waswahili. Masonara wa Unguja, Mombasa na Lamu walifua vipini, herini na vikuku tangu zamani. Arusha nako kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania, kinachofundisha vijana kukata na kunakshi vito. Lakini kituo kimoja hakiwezi kubeba mzigo wa nchi nzima. Shule za ufundi na vyuo vya wilaya vilivyo karibu na machimbo, kama Mahenge na Tunduru, vinastahili kuwa na karakana ndogo za kazi hiyo. Mwalimu wa fizikia anayefundisha kupinda kwa mwanga ubaoni angeweza kulionyesha somo hilo ndani ya jiwe lililochongwa na mwanafunzi wake. Na ofisa anayepanga bajeti ya wilaya angetambua kwamba gurudumu la kusagia ni chombo cha elimu sawa na kitabu.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Lakini pete haijifui yenyewe, na wanaoifua ndio wanaobaki na ujuzi. Machimbo ya Mererani yatakwisha siku moja, kama machimbo yote. Siku hiyo Jaipur itachonga mawe ya nchi nyingine, kwa maana mikono ya mafundi wake haichimbwi ikaisha. Watanzania nao hawana budi kujiuliza watabaki na nini mikononi mwao.