Mtoto Hatazoea

Siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu, binti wa baba mkubwa, wazee walikaa chini ya mkwaju hapa Kilimatinde kugawana alivyoviacha. Walianza na ng'ombe. Wakaja kwenye deni la duka, kisha shamba la uwele. Mwisho wakafika kwa mtoto. Ana miaka sita, na baba yake aliondoka kwenda machimboni kabla hajazaliwa. Mama yake mdogo akasema atamchukua, ingawa ana watano wake na mwaka ule mtama ulikuwa umekauka. Mzee mmoja akauliza kama mtoto hatasumbua. Baba mkubwa akajibu, "Atazoea tu." Wakafunga kwa sala.

Mtoto mwenyewe alikuwa ametumwa dukani kununua sukari ya chai ya wageni.

Nabishana na neno hilo, "atazoea". Ndilo neno linalotumika nchi hii kila mtoto anapohamishwa: baada ya msiba, baada ya ndoa kuvunjika, mama anapokwenda kutafuta kazi mjini. Tunalisema kwa huruma, nakubali. Lakini kazi yake ni kutupa ruhusa ya kuondoka.

Mpwa wangu hakuzoea. Mwezi wa pili alianza kukojoa kitandani. Godoro lilikuwa moja kwa watoto wanne, basi akachapwa. Shuleni akawa mtoro, akachapwa tena. Nilipokuja likizo nikaambiwa kiburi kimemwanza, na kwamba kila mchana anakwenda kukaa kando ya barabara ya Manyoni. Nikamfuata. Nikamuuliza anamsubiri nani.

"Mama. Gari la hospitali."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Siku ya mazishi watoto walipelekwa kwa jirani, na mtu mzima mmoja akamwambia mama amepelekwa kutibiwa. Miezi mitano alikuwa akitoroka shule kwenda kumpokea mama yake, nasi tulikuwa tukimchapa kwa hilo.

Ninasomea ustawi wa jamii, shahada ya uzamili, na darasani jambo hili linaitwa kiwewe. Ubongo wa mtoto bado unajengwa. Hofu ikikaa ndani yake muda mrefu bila mtu mzima wa kuituliza, mwili hubaki umejiandaa kwa hatari. Usingizi unakatika, mlango ukigongwa anashtuka, na masomo hayapati pa kukaa. Mmoja atapigana. Mwingine atanyamaza kabisa, na huyo ndiye tunayemsifu kuwa amezoea.

Tunajivunia kwamba kwetu hakuna yatima, kwa kuwa ukoo upo. Ni kweli ukoo upo, na bila akina mama wadogo, mashangazi na mabibi, watoto wengi wangelala barabarani. Lakini kuwa na damu moja na mtoto si sawa na kulijua jeraha lake. Mwaka 2009 watafiti waliwalinganisha watoto wanaolelewa kwenye makao na wale walioachwa kwenye familia katika nchi tano, Tanzania ikiwemo. Hawakuwakuta wa makao wakiwa na hali mbaya zaidi. Simaanishi tujenge makao zaidi. Namaanisha kwamba kumkabidhi mtoto kwa ndugu ni mwanzo wa kazi, nasi tunaufanya mwisho. Mwaka huohuo Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto. Karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa walisema walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, wengi wao mikononi mwa ndugu na walimu.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua malezi ya kambo: anayetaka kulea mtoto asiye wake anaomba, afisa ustawi wa jamii anaichunguza familia, kisha anafuatilia. Kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayomhusu. Sasa linganisha na mkwaju wetu. Mgeni kutoka Dodoma akitaka kumlea mpwa wangu angekaguliwa nyumba na mwenendo. Sisi hatukuulizwa hata godoro ni ngapi. Wengi wanaolea watoto wa wenzao nchini wamepewa watoto hao na vikao kama chetu. Serikali inawashukuru kwenye hotuba na haiwatembelei.

Najua jibu la wazee: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tulikua bila ushauri nasaha. Naomba radhi, baba zangu, lakini dawa hii ni yetu. Mjane tunamkalisha mkekani. Tunamzunguka, tunalala naye chini, tunamwacha alie mpaka sauti ikauke, na kila anayefika anamsimulia marehemu upya. Tunajua vizuri kwamba huzuni inahitaji watu na maneno. Mtoto wake ndiye tunayemtuma sukari.

Wala haihitaji daktari bingwa kila kijiji. Vijijini Moshi na ng'ambo ya mpaka, Kenya, watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa walikaa na vikundi vya watoto waliofiwa kwa wiki 12, wakiwasaidia kusimulia kifo na kuizoeza miili yao kutulia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba dalili za kiwewe zilipungua kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida. Huko Moshi mjini tofauti hiyo haikuonekana. Kijijini ilionekana, na Kilimatinde ni kijijini.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Mtoto aambiwe ukweli wa kifo, kwa maneno ya umri wake, na mtu anayempenda. Mtoto awepo kikao kinapomjadili, na aulizwe. Na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, ambazo mpango wa taifa wa mwaka 2017 uliagiza ziwepo hadi vijijini, ziandike jina la kila mtoto aliyehamishwa na msiba, zimtembelee mlezi wake mwezi wa kwanza, wa tatu na wa kumi na mbili, na ziulize habari za chakula, godoro na fimbo.

Mama yake mdogo simlaumu. Nilipomweleza kuhusu barabara alikaa chini, akalia, akasema, "Mwanangu, mbona hakuna aliyeniambia?" Jioni ile alimchukua mtoto, wakaenda wawili makaburini. Fimbo iliyokuwa juu ya mlango aliivunja akawashia moto. Kitanda bado kinalowa usiku mwingine. Asubuhi anaanika godoro, hasemi kitu.

Hakuna ofisi iliyomfundisha hilo. Ingepaswa iwepo.