Tusipandishe gari tukaziacha breki

Msimu wa watalii ukikaribia, Land Cruiser zinazopandishwa hapa Arusha huongezeka. Springi mpya, shokapu ndefu, gari linainuka sentimita tano, mwenye mali analipa na kuondoka. Siku chache baadaye analalamika: usukani unatangatanga, nyuma pagumu kama mkokoteni. Ushauri anaopewa mara nyingi ni kununua kifaa kingine. Mimi ni fundi, na ushauri huo naupinga. Springi aliyonunua ni nzima. Iliyoharibika ni kazi ya kuifunga.

Usukani kwanza. Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele na springi za koili zikiinuliwa, ekseli hujizungusha kidogo, na ile pembe inayorudisha usukani katikati baada ya kona hupungua. Ndiyo maana dereva anapigana na gari hata kwenye lami iliyonyooka ya kwenda Makuyuni. Hapo zinatakiwa bushi za kurekebisha pembe, kisha alaimenti ipimwe. Badala yake anauziwa shokapu ya usukani, na tatizo linabaki palepale.

Ugumu wa nyuma nao una sababu yake. Fundi amekaza bolti za springi gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Likishushwa chini, mpira wa bushi unabaki umejikunja muda wote, na makunyanzi ya barabara ya Naabi yanaumaliza upesi. Bolti hizo hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zile za umbo la U zinazoshika ekseli ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi.

Lakini linalonikosesha usingizi ni breki. Land Cruiser nyingi zina valvu ya breki za nyuma yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli. Inapima umbali kati ya chasi na ekseli: gari likibeba mzigo, chasi hushuka, na valvu huruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Ukipandisha gari bila kurekebisha fimbo hiyo, valvu inasoma kwamba gari ni tupu, kumbe ndani wamejaa wageni na mizigo yao. Breki za mbele zinabeba karibu kazi yote na kupata moto. Sasa fikiria gari hilo likiteremka Seneto kuingia bonde la Ngorongoro, mteremko wa mita zipatazo 600. Dereva hana habari, wageni hawana habari. Na mipira ya breki isipokuwa na urefu wa kutosha, ekseli ikining'inia kwenye korongo inavutika, na inaweza kukatika.

Kurekebisha fimbo ya valvu hakuhitaji kifaa cha bei kubwa. Kunahitaji fundi aingie chini ya gari na kujua anachokitafuta, kisha alijaribu likiwa na mzigo kabla ya kukabidhi ufunguo. Gereji inayoruka hatua hiyo haistahili kupewa gari la kubeba watu.

Mwenye gari, kabla hujalipa, mwambie fundi akuonyeshe fimbo ya valvu ilivyorekebishwa, na akuonyeshe mipira ya breki ekseli ikiwa imening'inia. Akishindwa, usilitoe gari gereji.